Kwa nini mpira wa kichwa maji unaziba juu, ndani ya ubongo, na si chini tumboni?

#1 MamaTunu

Habari wanajamvi. Binti yangu ana miaka sita. Aliwekewa mpira wa kutoa maji kichwani kwenda tumboni akiwa na miezi mitatu. Ulibadilishwa mara ya kwanza akiwa na mwaka na miezi miwili, mara ya pili akiwa na miaka minne. Mara zote mbili nimeambiwa neno lilelile: umeziba juu. Vali, kile kifaa cha katikati kinachodhibiti maji, ilikuwa nzima, upande wa tumboni ulikuwa unadondosha vizuri. Kilichoziba ni kile kipande kifupi kilichomo ndani ya ubongo.

Mara ya pili daktari alinionyesha hicho kipande kwenye kichupa. Ni chembamba, kama waya wa chaji ya simu, ncha yake butu imefungwa, na ubavuni kina vitundu vimepangwa kwa mistari. Kwenye vitundu vya upande mmoja vilikuwa vimetokeza vinyuzi, vingine vyeupe vingine vya waridi, kama mizizi ya mche inavyotoka kwenye matundu ya kopo. Nilikigeuza geuza kwenye mwanga. Vitundu vya kwenye ncha kabisa vilikuwa safi. Vilivyoziba ni vile vilivyo mbali na ncha, kuelekea kwenye vali.

Swali langu: kwa nini juu kila mara? Ni mkono wa daktari, ni mpira wenyewe, au ni ubongo wa mwanangu ulivyoumbwa?

#2 MpitaNjia

Naweka kiti hapa. Nina mpwa mwenye mpira huo.

#3 FundiPampu

Mama Tunu, pole, na hongera kwa jicho hilo. Mimi si daktari, ni fundi wa pampu, ila ulichokiona kwenye kichupa nakijua. Bomba la kunyonya lenye matundu mengi ubavuni halinyonyi sawasawa. Tundu lililo karibu zaidi na pampu ndilo linalobeba mzigo. La pili linapata masalia. La kwenye ncha linakaa tu. Maji hupita mlango wa kwanza unaoyafikisha yanakokwenda. Ukichomoa chujio la kisima utakuta uchafu umejaa upande wa juu, na chini pako safi kama siku lilipofungwa.

Kwa hiyo kwangu mimi kosa liko kwenye mrija. Matundu yote yametobolewa saizi moja. Yangetobolewa madogo upande wa vali na makubwa kuelekea ncha, kazi ingegawanyika.

#4 MwalimuWaMifupa

Fundi, umeuzungumzia mrija vizuri lakini umesahau chombo. Wengi wakisikia "maji kichwani" wanawaza tangi. Ventrikali, yaani vyumba vya maji ndani ya ubongo, si tangi.

Ziko nne. Mbili kubwa za pembeni, kila moja imejikunja kama pembe ya kondoo: pembe ya mbele chini ya paji, mwili unaorudi nyuma, kisha makutano yanayogawanyika kwenda pembe ya nyuma na pembe ya chini iliyo usawa wa sikio. Hizo mbili zinaingia kwenye ya tatu kupitia tundu la Monro, moja kila upande. Ya tatu ni ufa mwembamba uliosimama katikati. Kutoka hapo kuna mfereji wa Sylvius, upana wake ni milimita chache tu, halafu ya nne, ndipo maji yanatoka nje kuuzunguka ubongo na uti wa mgongo. Mtu mzima ana maji kama mililita 150, na yaliyomo ndani ya ventrikali ni karibu 25 tu. Lakini kwa siku mwili unatengeneza kama mililita 500. Yote yanabadilishwa mara tatu au zaidi kila siku.

Sasa sikiliza. Anayetengeneza maji hayo, kwa sehemu kubwa, ni kishada cha mishipa midogo kinachoitwa koroidi, na kinaning'inia humohumo ndani. Kinaelea na kucheza kwa kila pigo la moyo. Kipo kwenye mwili wa ventrikali, kinanenepa kwenye yale makutano, kinashuka pembe ya chini, na mbele kinapita tundu la Monro kwenda paa la ventrikali ya tatu. Pembe ya mbele haina koroidi. Pembe ya nyuma pia haina.

Ndiyo maana mafundisho ya siku zote ni kwamba ncha ya mrija ikae pembe ya mbele, mbele ya tundu la Monro. Ukikaa nyuma ya hapo umeuweka mdomo wa bomba ndani ya magugu. Kwa hiyo mimi nasema mahali, si matundu.

#5 Hisabati4

FundiPampu yuko sahihi zaidi ya anavyodhani. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliopima jambo hilohilo kwa kompyuta na kwa mrija halisi. Kwenye katheta, yaani huo mrija wa ndani ya ubongo, yenye safu nane za matundu, safu iliyo mbali zaidi na ncha iliingiza asilimia 58 ya maji yote, na safu mbili za upande huo zilichukua zaidi ya asilimia 80. Baada ya hapo zikatengenezwa katheta za matundu yanayopungua ukubwa kuelekea vali, wazo lako lenyewe.

Ila neno "kunyonya" linanipa shida. Mililita 500 kwa siku ni kama mililita 20 kwa saa. Hiyo ni tone moja kila sekunde tisa hivi. Mtiririko wa polepole kiasi hicho hauna nguvu ya kuvuta nyama. Pampu ya kisima na tone la kila sekunde tisa havifanani.

#6 FundiPampu

Mkuu Hisabati, tone hilo linadondoka mchana na usiku kwa miaka minne. Hata kutu huanza hivyo.

#7 KisuChaZamu

Niko mafunzoni, upasuaji wa ubongo. Niungane na #3 na #4, kwa sababu mnagombana na wote mmeshika upande mmoja wa kitu kimoja.

Njia ya mbele tunaanzia kwenye nukta ya Kocher. Unapima kama sentimita 11 kutoka daraja la pua kwenda juu na nyuma, unatoka pembeni ya mstari wa katikati sentimita 2.5 hadi 3, mbele kidogo ya mshono wa fuvu. Kwa kawaida upande wa kulia, kwa kuwa kwa watu wengi lugha iko kushoto. Mrija unaingia ukiwa umesimama wima juu ya uso wa fuvu, na kina hakizidi sentimita 6 hivi. Ukifika, unahisi utando unaachia, pale tu, na maji yanapanda.

Sasa angalieni. Vitundu vinachukua sentimita moja hadi moja na nusu ya mwisho wa mrija. Ventrikali ikiwa kubwa, vyote vinaelea kwenye maji. Baada ya wiki chache maji yamepungua, ventrikali imesinyaa, na ile safu ya juu, inayofanya kazi kuliko zote kwa hesabu ya #5, sasa imegusa paa la ventrikali au imebaki ndani ya nyama ya ubongo. Siku ya upasuaji uliiweka sawa. Chombo ndicho kilichohama.

Mwalimu, kuhusu mbele na nyuma: ni mafundisho mazuri, lakini yalipojaribiwa hayakusimama vizuri. Jaribio lililogawa watoto kwa kura, mrija wa mbele au wa nyuma, lilitolewa 2021, na halikukuta tofauti ya wazi ya mrija upi unadumu.

#8 MwalimuWaMifupa

Nimekusoma daktari. Lakini tundu la kuingilia na mahali ncha ilipotua ni mambo mawili. Mtu anaweza kuingia kwa nyuma akafikisha ncha pembe ya mbele, na mwingine akaingia kwa mbele akatua ventrikali ya tatu au ukutani. Jaribio lililinganisha milango, na mimi nazungumzia kitanda.

#9 KisuChaZamu

Hilo nakupa.

#10 NesiMstaafu

Wanangu mnasema sana mirija na fizikia. Mimi nimesimama chumba cha upasuaji miaka mingi nikipokea hiyo mipira inapotoka. Niwaambie nilichokiona.

Kwanza, haitoki kirahisi. Kuna ile inayoteleza tu, na kuna ile ambayo daktari akivuta kidogo anasimama, kwa sababu koroidi imeingia kwenye vitundu na kushikana na mpira. Ukilazimisha unachana mshipa na ventrikali inajaa damu. Wanaingiza waya wa chuma ndani ya mrija na kuupitishia umeme kidogo ili nyama ilegee, ndipo unatoka. Daktari mmoja aliyekuwa mwangalifu kuliko wote alikuwa anauzungusha taratibu kwa vidole viwili, hasemi na mtu, mpaka unaachia.

Pili, si wote waliojaa koroidi. Kuna uliojaa utelezi mweupe, kuna wenye damu iliyoganda, na mwingine una utando tu uliovishwa kama soksi. Kwa macho yangu sababu si moja.

Tatu, usafi. Silikoni inavuta vumbi. Ukiiweka juu ya kitambaa cha pamba inaondoka na manyoya. Sisi tulikuwa hatuifungui mpaka dakika ya mwisho, inaingia kwenye maji yenye dawa, na haiguswi bila kubadili glavu. Unyoya mmoja ukiingia nao kichwani, mwili unauona mgeni na kuanza kuufunika.

#11 Hisabati4

Asante mama. Kwenye usafi kuna namba thabiti. Jaribio la Uingereza na Ireland lililochapishwa 2019, watu zaidi ya 1,600, lililinganisha mipira mitatu: wa kawaida, wenye madini ya fedha, na uliolowekwa antibiotiki za rifampisini na klindamaisini. Maambukizi yalikuwa asilimia 6 kwa wa kawaida, 6 kwa wa fedha, 2 kwa wenye antibiotiki.

#12 NesiMstaafu

Sawa mwanangu, lakini hayo ni maambukizi. Mpira wa Tunu haukusemwa una wadudu.

#13 BabuHodi

Hodi hodi. Mimi nina miaka 71 na mpira ninao. Wangu si wa utotoni. Nilianza kutembea kama nimebandikwa miguu sakafuni, halafu mkojo ukawa haunisubiri, halafu nikaanza kusahau majina ya wajukuu. Nilidhani ni uzee unapiga hodi. Kumbe maji yamejaa na presha iko kawaida tu. Nikaambiwa ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1965 na Hakim wa Kolombia pamoja na Adams.

Nilipowekewa mpira, miguu iliachia ndani ya siku chache. Lakini nikisimama kichwa kinaniuma, nikilala kinapoa. Walibadilisha kipimo cha vali kwa sumaku kutoka nje, bila kunipasua, na maumivu yakaisha. Kwa hiyo mimi nauliza: hili la kusimama si ndilo linaloziba? Maji yanavutwa na uzito wake kwenda tumboni.

#14 MpitaNjia

Shikamoo babu. Umewataja wajukuu, majina yamerudi?

#15 BabuHodi

Marahaba. Yamerudi yote kumi na moja, na siku zao za kuzaliwa.

#16 FundiPampu

Babu amegonga kichwa cha msumari. Kutoka kichwani hadi tumboni kwa mtu mzima aliyesimama ni nusu mita ya maji na zaidi. Hiyo ni saifoni! Ndivyo tunavyotoa mafuta kwenye pipa. Hisabati, tone lako la kila sekunde tisa ni la mtu aliyelala. Akisimama, hesabu inabadilika.

#17 Hisabati4

Kweli, akisimama linaongezeka. Ndiyo maana toka miaka ya 1970 kuna vali zenye kizuizi cha saifoni. Lakini kama saifoni ndiyo mkosaji, vali hizo zingeushinda mpira wa kawaida. Mwaka 1998 walitoa matokeo ya jaribio la watoto 344 na vali za aina tatu: ya kawaida, yenye kizuizi cha saifoni, na inayodhibiti mtiririko. Hazikutofautiana. Baada ya mwaka mmoja, kwa ujumla, ni kama 6 kati ya 10 tu waliokuwa hawajapata hitilafu. Baada ya miaka miwili, chini ya nusu.

Mama Tunu, nataka ulisome hilo vizuri. Binti yako kubadilishiwa mara mbili ndani ya miaka minne si jambo la ajabu, na haliashirii kwamba ulikosea kitu.

#18 MamaTunu

Nimelisoma mara mbili. Asante. Hamjui nilivyokuwa nalala na hilo. Mara ya kwanza nilidhani ni kwa sababu nilimbeba mgongoni akabanwa.

#19 JichoLaPicha

Napiga picha hospitalini. Nyongeza kwa babu: vali ya kurekebishwa kwa sumaku, ukiingia kwenye MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, kipimo chake kinaweza kuhama. Aina mpya zingine zimefungwa zisihame, za zamani hapana. Kila baada ya MRI ikaguliwe. Na tableti yenye kifuniko cha sumaku usiilalie upande wa vali.

Kwa Mama Tunu: majibu ya CT ya mwisho yalisema nini kuhusu ukubwa wa ventrikali?

#20 MamaTunu

Nimefungua faili. Yale ya kabla ya kubadilisha mara ya pili yanasema ventrikali ni "nyembamba kama ufa" na ncha ya mrija iko "karibu na tundu la Monro la kulia". Nakumbuka siku ile zamu ya usiku mtu mmoja alituambia ventrikali ni ndogo kwa hiyo mpira unafanya kazi, turudi nyumbani. Tunu alikuwa anatapika na halengi macho. Asubuhi alikuja daktari mwingine, akambonyeza vali nyuma ya sikio, ikabonyea na haikurudi. Alipasuliwa siku hiyohiyo.

#21 KisuChaZamu

Mama, hapo ulipo umeandika kitu ambacho nataka kila mzazi anayesoma uzi huu akishike. Ventrikali ndogo kwenye picha si ushahidi kwamba mpira unafanya kazi. Wako watoto ambao ventrikali zao zimesinyaa kwa miaka na kuta zimekuwa ngumu. Mpira ukiziba, presha inapanda na ventrikali haitanuki. Picha inalinganishwa na picha za nyuma za mtoto huyohuyo, na juu ya picha yuko mtoto mwenyewe: anatapika, ana usingizi usio wa kawaida, kichwa kinamuuma, macho yanashuka chini. Na vali kubonyea bila kurudi ni dokezo la kuziba juu, lakini vali kurudi vizuri hakumwondolei mtu mashaka. Mzazi akisema "hivi ndivyo alivyokuwa mara ile", mimi nimefundishwa kumsikiliza.

Siwezi kusema kilichomziba Tunu kwa kusoma hapa. Ila ufa na ncha karibu na Monro vinaelezana: chumba kimejifunga juu ya mrija, na koroidi iko palepale mlangoni.

#22 MwalimuWaMifupa

Kwa hiyo tumerudi kwenye mahali.

#23 FundiPampu

Au kwenye saifoni iliyokifunga hicho chumba!

#24 MsomajiWaUsiku

Niwapumzishe kidogo. Mnajua umbo la ventrikali lilipatikanaje? Kwa zaidi ya miaka elfu wasomi walichora duara tatu zimefuatana kichwani, wakisema ya mbele ni ya hisia, ya kati ya kufikiri, ya nyuma ya kumbukumbu. Mwanzoni mwa karne ya 16 Leonardo da Vinci akachukua ubongo wa ng'ombe, akatoboa matundu ya kutolea hewa, akasukuma nta iliyoyeyushwa kwa bomba la sindano. Nta ikaganda, akaondoa nyama, akabaki na umbo la uwazi mkononi. Nikimfikiria alivyolishika lile pande la nta nasisimka.

Na FundiPampu usijidharau. Vali iliyofungua njia ilitoka kwa fundi kama wewe. John Holter alikuwa fundi kwenye kiwanda cha makufuli Philadelphia. Mwanawe Casey alizaliwa 1955 na mgongo wazi, kisha kichwa maji. Alikuwa anaona jinsi mirija inavyomshinda, akaenda karakana kwake na kutengeneza vali ya mpasuo wa silikoni: presha ikipanda mpasuo unafunguka, ikishuka unajifunga. Mwaka 1956 ikawekwa kwa mgonjwa. Ndiyo vali ya kwanza ya kichwa maji.

#25 Hisabati4

Sahihisho dogo. Si ya kwanza. Madaktari Nulsen na Spitz walishaweka vali ya kigololo na springi mwaka 1949, wakapeleka maji kwenye mshipa wa shingo. Spitz huyohuyo ndiye aliyefanya kazi na Holter baadaye. Ya Holter ndiyo iliyoweza kutengenezwa kwa wingi na kusambaa.

#26 MsomajiWaUsiku

Napokea. Casey alifariki akiwa bado mtoto, lakini baba yake aliendelea kuzitengeneza.

#27 FundiPampu

Uzi huu umenigusa. Kesho naingia karakana.

#28 MpitaNjia

Fundi, usirudi umevumbua vali ya trekta.

#29 Dada_wa_Maabara

Mmesahau mtu wa tatu: seli. Nafanya kazi maabara ya tishu. Mrija ukiingia, ndani ya muda mfupi unapakwa protini. Juu ya protini wanakuja walinzi wa ubongo, halafu astrositi, seli za ubongo zenye umbo la nyota, wanajishika na kutandaza mikono. Hao wanaweza kuanza bila koroidi kugusa mrija. Huenda vile vinyuzi vyeupe alivyoviona Mama Tunu ni vya astrositi, na vya waridi ni vya koroidi, kwa kuwa ina damu. Na kingo za vitundu zina neno: tundu lililotobolewa kwa ukali lina mikwaruzo, na seli hupenda mikwaruzo. Mtu anaweza kuuweka mrija mahali bora kuliko pote na bado ukavishwa ile soksi aliyoitaja Nesi.

Walishajaribu hata mrija wenye vijimbawa vya mpira pembeni ili usukume nyama mbali na matundu. Nyama ilivikumbatia vijimbawa.

#30 NesiMstaafu

Hiyo ya mbawa naikumbuka. Kuutoa ilikuwa kazi ya jasho.

#31 MpitaNjia

Je, hakuna njia ya kuachana na mpira kabisa? Mpwa wangu amechoka.

#32 KisuChaZamu

Ipo kwa baadhi. Unaingiza kamera nyembamba mpaka ventrikali ya tatu na kutoboa sakafu yake, maji yanapita chini bila kuupitia mfereji wa Sylvius ulioziba. Kwa watoto wachanga kutoboa peke yake hakutoshi mara nyingi. Daktari Benjamin Warf alipokuwa Mbale, Uganda, kwenye hospitali ya watoto ya CURE iliyofunguliwa mwaka 2001, aliunganisha kutoboa na kuichoma koroidi, na watoto wengi wakaenda bila mpira. Wazo la kuiondoa koroidi ni la daktari mpasuaji Dandy, karibu miaka mia kabla, ila mikononi mwake matokeo yalikuwa mabaya.

Inategemea chanzo cha maji, umri na umbo la ndani. Kwa ventrikali zilizo kama ufa, kamera hata haina pa kuogelea. Tundu nalo linaweza kujifunga, kwa hiyo dalili ni zilezile za kuangaliwa.

#33 FundiPampu

Nimerudi. Si trekta.

Nimechukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, nikauziba ncha kwa nta, nikautoboa safu nane kwa sindano ya moto. Nikauzamisha kwenye chombo cha kioo chenye maji na vumbi la msumeno, mwisho mwingine nikauning'iniza chini ya meza. Nilipouachia wazi, vumbi lilikwenda lote safu ya juu. Ndani ya dakika chache imeziba, za chini safi. Nikajisifu.

Halafu nikamkumbuka Hisabati. Nikafunga kibano mpaka ikawa tone moja kila sekunde tisa. Nikakaa saa nzima. Vumbi halikujali tundu hata moja. Lilikuwa linaelea tu na kutua linapotaka. Hisabati, chukua pointi zako.

Nikabadilisha. Nikatia mrija ndani ya mfuko laini wa nailoni uliojaa maji, nikaufunga shingo kwa uzi usiingize hewa, tone lilelile la polepole. Nikaenda kulala. Alfajiri nimekuta mfuko umejifunga juu ya mrija kama ngozi. Mahali pengine una mikunjo, lakini upande mmoja wa mrija nailoni imezama ndani ya vitundu, safu mbili za juu. Upande wa pili kulikuwa na kijinjia cha maji bado kinapita, ndiyo maana tone halikukatika.

Mama Tunu, uliandika kwenye #1 kwamba vinyuzi vilikuwa upande mmoja. Unakumbuka ni upande gani? Wa kuelekea juu, chini, au katikati ya kichwa?

#34 MwalimuWaMifupa

Swali zuri kuliko yote humu. Koroidi imelala sakafuni. Vinyuzi vikiwa upande wa chini, mimi napata nguvu. Vikiwa juu au pembeni, ni ukuta uliofunga, na Fundi na babu wanapata nguvu.

#35 Dada_wa_Maabara

Na vikiwa pande zote, mje kwangu.

#36 MamaTunu

Vilikuwa upande mmoja, hilo nina hakika, niliugeuza mara nyingi. Lakini ulikuwa umelala kwenye kichupa. Sijui upande ule ulikuwa unatazama wapi ulipokuwa ndani.

#37 KisuChaZamu

Hata aliyeutoa hawezi kusema. Mrija una alama za kina, za kuonyesha sentimita ngapi umeingia. Hauna alama ya kuonyesha umegeukia wapi, na wakati wa kuutoa unazunguka.

#38 NesiMstaafu

Mama, Mungu aepushe, lakini ikitokea tena mwombe daktari, kabla hajauvuta, aweke nukta ya wino kwenye mpira pale unapotokea kwenye fuvu, upande unaotazama pua. Hatua ya sekunde mbili. Na mpira usipelekwe maabara kabla haujapigwa picha na hiyo nukta.

#39 MamaTunu

Nimeandika kwenye ukurasa wa kwanza wa faili lake, juu ya namba za simu.